Batman v Superman: uchukue ile fupi, ile ndefu, au iliyotafsiriwa?

Shemeji yangu ana kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea muvi kwa kiingilio, kwenye mwalo mmoja wa wavuvi huko kisiwani Ukerewe, na kila mwezi mkubwa ukikaribia lazima anipigie simu. Kwa asiyekaa na wavuvi nieleze kidogo: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikishatanda taa hazivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani, na vijana wanabaki siku kadhaa hawana kazi zaidi ya kushona nyavu na kudaiana. Hizo ndizo siku za mavuno kwa mwenye kibanda. Mimi niko Kirumba, Mwanza. Nilikuwa na duka la kukodisha CD enzi hizo CD bado ni mali, na mpaka leo ndugu na majirani wananichukulia kama maktaba inayotembea.

"Shem, safari hii vijana wanataka ile ya Batman na Superman wanapigana," aliniambia. "Ila nasikia ziko mbili, fupi na ndefu. Nipe ipi?"

Ziko tatu, nikamjibu, na nikamwomba anipe siku mbili. Kesho yake jirani naye akaja na swali lilelile kwa mlango mwingine: kaka yake aliyeko Uingereza anataka kumtumia diski halisi, watoto waangalie kwenye PS4. Amwambie anunue DVD au Blu-ray? Nikaona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimpe asome.

Kwanza tusidanganyane: hii ni filamu iliyowaangusha watu. Batman v Superman: Dawn of Justice, kazi ya Zack Snyder, iliingia kumbi za sinema Machi 2016. Imetengenezwa kwa yapata dola milioni 250. Ben Affleck ndiye Batman, Henry Cavill ndiye Superman, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mashujaa hao wawili kukutana kwenye filamu ya sinema ya waigizaji halisi. Hela iliingia, zaidi ya dola milioni 870 dunia nzima. Lakini wikiendi ya pili mauzo ya Marekani yaliporomoka kwa karibu asilimia 70, maana yake walioingia mwanzo walitoka wakawaambia wenzao wakae nyumbani. Kwenye mtandao wa Rotten Tomatoes haikufikisha asilimia 30 ya wahakiki walioipenda. Razzie, zile tuzo za kuwacheka walioharibu, iliziokota nne, moja ikiwa ya uandishi wa hadithi na nyingine ya Jesse Eisenberg aliyeigiza adui, Lex Luthor.

Kinachochekesha ni kwamba Februari ya mwaka huohuo, kabla filamu haijafika ukumbini, ilishajulikana kuwa kuna toleo jingine refu zaidi litakalouzwa kwa ajili ya nyumbani. Yaani umekaa mezani, hujanawa hata mikono, mpishi anakuja na wali mtupu anakwambia nyama ipo jikoni, ila utaila mwezi wa saba. Na kweli, toleo hilo, Ultimate Edition, lilianza kuuzwa mtandaoni mwishoni mwa Juni na diski zikatoka Julai 19, 2016.

Ile ya sinema ni dakika 151. Ile ndefu ni dakika 182. Tofauti ni dakika 31, karibu sawa na kupanda kivuko hapa mjini ukashukia Kamanga. Swali ni kama nusu saa hiyo inakuvusha kweli au unazunguka ziwani tu.

Mimi nasema inakuvusha, lakini haikufikishi nyumbani.

Chukua ile sehemu ya Afrika, maana ndipo ugomvi wote unapozaliwa. Mwandishi wa habari Lois Lane anakwenda kumhoji jenerali mmoja muasi kwenye nchi ya kubuni inayoitwa Nairomi. Maandishi kwenye pazia yanasema "Nairomi, Afrika", kana kwamba Afrika ni wilaya na kuna mtu alitaka kuandika Nairobi mkono ukateleza. Mahali penyewe ni jangwa la New Mexico, Marekani. Basi, ndani ya kambi hiyo kuna mamluki wa Lex wanaojifanya walinzi. Wanawageuka wenyeji, wanawapiga risasi, wanaondoka. Superman anatua, anamwokoa mpenzi wake, anaruka. Baadaye dunia nzima inamlaumu Superman kwa vifo vile.

Ukiwa unaangalia ile fupi, hapo lazima ujiulize: Superman na risasi wapi na wapi? Mtu anayeweza kukuchoma kwa macho atafute bunduki ya nini? Nakumbuka mara ya kwanza nilipoiangalia nikadhani nimesinzia nikapitwa na kitu. Nikarudisha nyuma. Hakuna kitu. Wamekata.

Kwenye ile ndefu kipo. Baada ya kuua, mamluki wanazikusanya maiti na kuzichoma moto kwa mashine, zionekane zimeunguzwa na macho ya Superman. Sekunde chache tu, na kesi nzima inasimama. Kisha kuna yule mwanamke wa kijijini, Kahina Ziri, anayekwenda mbele ya maseneta Marekani kutoa ushahidi kwamba Superman ndiye chanzo. Kwenye ile fupi anaongea, analia, anapotea, basi. Kwenye ile ndefu unajua kwamba alitishwa na kununuliwa aseme vile, dhamiri ikamsuta, akamfuata seneta kumweleza ukweli, na muuaji aliyetumwa na Lex akamsukuma mbele ya treni. Kwa mtazamaji wa huku kwetu hili si jambo dogo. Mtu pekee kutoka upande wetu mwenye sauti kwenye hadithi nzima, kwenye toleo la sinema ni kivuli cha kuongezea huzuni. Kwenye toleo refu ni mtu aliyebanwa, akasema uongo, akatubu. Walipotafuta cha kupunguza, kisu kilianzia kwake.

Halafu kuna bomu. Mlemavu mmoja, Wallace Keefe, aliyepoteza miguu kwenye vita vya mwanzo vya Superman pale Metropolis, mji wake, anaingia bungeni na kiti chake cha magurudumu, na kiti kinalipuka. Superman yupo palepale ndani. Mtu mwenye macho ya kuona kupitia ukuta hakuliona bomu? Ile fupi inakuacha na swali hilo mpaka unafika nyumbani. Ile ndefu inakupa mwanasayansi, ameigizwa na Jena Malone, anayemweleza Lois kwamba kiti kilikuwa kimewekwa madini ya risasi (lead) ndani yake, na hayo ndiyo kitu pekee ambacho macho ya Superman hayapenyi. Lois anafika pia nyumbani kwa Keefe na kukuta ametoka kununua vyakula. Nani ananunua mboga asubuhi akajilipue mchana? Kwa hiyo naye alitumwa bila kujua.

Na baada ya mlipuko, Superman wa toleo fupi anasimama kwenye moto, anatia huruma, kisha hayupo. Nilishamsikia kijana akipiga kelele ukumbini: "Wewe si una nguvu? Beba majeruhi!" Kwenye ile ndefu anabeba. Anawatoa watu nje kwa mikono yake, ndipo anaondoka. Jamani, hiki nacho cha kukata?

Kingine ni Clark Kent, yaani Superman akiwa amevaa uraia kama mwandishi wa habari, kwenda Gotham, mji wa Batman. Kazini ametumwa aandike habari za mpira, yeye anaingia mitaa ya maskini kuuliza watu kuhusu huyu Batman anayewachoma wahalifu chapa ya popo kama ng'ombe. Anakutana na mwanamke ambaye mwenzake alipigwa chapa, akafa gerezani. Hapo unaelewa kwa nini Superman anamchukia Batman kabla hata Lex hajaweka fitina. Katika ile fupi chuki ya Batman kwa Superman ina mizizi, kwa sababu tumemwona Bruce Wayne, yaani Batman bila kinyago, akikimbia kwenye vumbi wakati jengo lake linaanguka (kipande kizuri kuliko vyote, matoleo yote mawili kipo). Ila chuki ya upande wa pili imeokotwa njiani. Wanaume wawili wanagombana na wewe umeambiwa sababu ya mmoja tu.

Sasa, kilichobaki kibovu ni kibovu kote. Ndoto ya Batman jangwani ipo kote na haieleweki kote, mpaka uwe na mtu wa kukueleza filamu ambazo wakati ule hazijatengenezwa. Lex anaongea kama mtoto aliyekunywa soda tatu kote. Wonder Woman, shujaa wa kike, anafungua barua pepe zenye video za mashujaa wengine, kama anakuonyesha bango la biashara, katikati ya joto la hadithi. Giza la picha ni lilelile. Na lile jambo la Martha liko palepale.

Kwa ambaye hajaona: Batman ameshamshinda Superman, ameweka mguu shingoni, mkuki juu. Superman anasema kwa shida, "Muokoe Martha." Batman anashtuka kwa sababu mama yake marehemu aliitwa Martha. Mama wa Superman naye anaitwa Martha. Ugomvi umekwisha, ni marafiki. Wazungu walilicheka jambo hili mpaka likawa utani wa kudumu, wakisema haiwezekani vita iishe kwa jina. Mimi kuisha kwa jina hakunisumbui. Pale Mabatini ukiita "Mama Martha!" wanageuka watatu, na ninaamini wawili kati yao wameshawahi kuamua ugomvi. Kinachonisumbua ni kingine: ni mtoto gani, tena anakaribia kukata roho, anamwita mama yake kwa jina? Si Usukumani, si Ukerewe, si pwani. Mtu akiwa mautini anasema "mama". Mwandishi alilihitaji lile jina akamlazimisha Superman alitamke, na dakika 31 za nyongeza hazikugusa hapo hata kidogo.

Na hapo ndipo inapoingia ya tatu, iliyotafsiriwa.

Vijana wa mjini wanaidharau, wanasema ni ya watu wa shamba. Wamesahau tulikolelewa. Tangu zama za Lufufu, mtafsiri wa muvi hapa Tanzania hakuwa mtu wa kubadilisha maneno tu, alikuwa msimuliaji. Anapunguza sauti ya filamu, anakaa juu yake na kuipeleka. Niliikuta hii kwenye kibanda kimoja upande wa Igoma, mtafsiri sitamtaja kwa sababu kazi yenyewe, tuseme, haikupitia ofisi yoyote. Alikuwa ametafsiri ile fupi, yenye mashimo yote niliyoyataja. Basi yule bwana mashimo aliyaona. Pale kambini jangwani, mamluki walipoanza kumimina risasi, akasema: "Hawa wametumwa na tajiri mwenye upara, wanaua halafu watamsingizia Superman, angalieni hii mbinu chafu." Jambo ambalo studio ilihitaji nusu saa na diski nyingine kulirekebisha, yeye alilirekebisha kwa pumzi moja. (Lex kwenye filamu ana nywele mpaka mwisho anaponyolewa gerezani, lakini mtafsiri alikuwa na Lex wake kichwani.)

Alipofika kwa Martha hakutafsiri. Alisema: "Niue mimi, lakini nenda kamwokoe mama yangu, anaitwa Martha." Kibanda kizima kimya. Mzee mmoja nyuma akasema, "Hapo sasa." Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi inaeleweka zaidi kwa mtu anayeiangalia mara moja, amechoka, hajui Kiingereza, hajasoma katuni, nitakwambia iliyotafsiriwa, hata kama ni fupi. Hasara yake unaijua: muziki wa Hans Zimmer na Junkie XL umezikwa chini ya sauti ya mtu, picha imenakiliwa mara nyingi imekuwa kama uji, na mtafsiri akiwa na siku mbaya unapewa matusi na matangazo ya duka lake. Wonder Woman anapotokea na ngao yake kwenye vita vya mwisho, ule mpigo wa ngoma na selo (fidla kubwa) ya umeme ndio unaoinua watu vitini. Kwenye ile niliyoiona mtafsiri alikuwa anamsalimia rafiki yake wa Nyakato.

Nirudi kwa mwenye kibanda, maana yeye ana hesabu zake. Ukianza saa moja jioni na ile fupi, saa tatu na nusu umemaliza, watu wanatoka, wengine wanaingia, na onyesho la pili linaisha saa sita na kitu. Kwa ile ndefu, la pili linaisha baada ya saa saba usiku, watoto wa watu wameshalala juu ya mabenchi na betri ya sola inapiga kelele. Kiingilio ni kilekile. Hakuna anayelipa zaidi kwa sababu filamu ni ndefu. Nilipomweleza shemeji hivyo akacheka, akasema sasa ameelewa kwa nini Wazungu walikata. Na ndivyo ilivyo. Ukumbi wa sinema wa Marekani na kibanda cha mabati cha mwaloni vinakula kwa njia moja: kadiri filamu inavyokuwa fupi ndivyo unavyojaza mara nyingi. Snyder alitengeneza ya saa tatu, wenye mali wakataka ya kuingia ukumbini mara nyingi zaidi kwa siku. Mwanamke wa Nairomi alilipia nauli ya onyesho la ziada.

Tofauti ni kwamba siku za mbalamwezi shemeji hana haraka ya kiasi hicho. Wateja wake ni walewale, hawana pa kwenda. Nikamwambia: jumatatu mpaka jumatano weka iliyotafsiriwa, mara mbili kwa usiku. Wakishaizoea, alhamisi tangaza ile ndefu, onyesho moja, waambie kuna vitu walifichwa. Neno "walifichwa" linauza kuliko trela.

Sasa vyombo. Hapa nitakwenda haraka isipokuwa kwenye flashi, maana ndipo watu wa Mwanza wanapoumia.

DVD ninazozijua za filamu hii zina ile fupi peke yake. Na DVD zina kanda: Tanzania tuko kanda ya 5, Uingereza ya 2, Marekani ya 1, kwa hiyo diski aliyonunua ndugu London inaweza kugoma kwenye deki iliyofungwa kanda, ingawa deki nyingi za bei rahisi zinazouzwa Makoroboi hazijali kanda wala dini. Blu-ray ni habari nyingine. Sisi na Uingereza tuko kanda moja, B. Picha ni kali mara nyingi zaidi, na kwa filamu yenye giza kama hii ukali huo si anasa: mapigano ya usiku kwenye DVD ni watu wawili weusi kwenye gunia jeusi. Kifurushi cha Blu-ray kilichoandikwa Ultimate Edition kinakupa matoleo yote mawili kwenye diski tofauti, na ile diski ya toleo fupi ina vipande vya jinsi filamu ilivyotengenezwa, kikiwemo cha gari la Batman ambacho mimi nimekiangalia mara nyingi kuliko filamu yenyewe. PS4 inasoma Blu-ray bila shida. Jirani yangu kwa hiyo jibu lake ni hilo, amwambie kaka yake asome jalada vizuri. Asije akatumiwa ile ya 4K: PS4 haiisomi, hata ile Pro. Ingekuwa PS5 yenye mlango wa diski, hapo sawa, na angetafuta ile iliyosafishwa upya mwaka 2021, ambayo vipande vilivyopigwa kwa kamera za IMAX vinapanda juu na chini ya kioo.

Kwa watoto wake lakini nilimshauri diski ya toleo fupi. Ile ndefu ilipewa alama R kule Marekani, yaani chini ya miaka 17 haingii bila mzazi. Damu imeongezwa, kuna tusi, na Batman anaoga. Ile fupi ni ya miaka 13 kwenda juu, nayo si nyepesi, inaanza na mauaji ya wazazi mbele ya mtoto. Mwanawe mdogo ana miaka saba. Akasema watoto wa siku hizi wameona mengi. Sawa, diski ni zake.

Flashi. Ile ndefu, ikiwa na picha nzuri, faili lake mara nyingi linazidi GB 4. Flashi nyingi zinakuja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la zaidi ya GB 4, hata kama flashi yenyewe ni ya GB 64 na iko tupu. Unanakili, inafika mwisho, inakataa, unadhani flashi ni feki. Unaweza kuipanga upya kwa exFAT, lakini deki na runinga za zamani haziijui exFAT, utafika kisiwani uambiwe flashi haionekani. Dawa ni kuomba faili lililopunguzwa likawa chini ya GB 4, na kulijaribu kwenye runinga ya mtindo uleule kabla hujapanda meli. Jaribu na sauti pia: kuna mafaili yenye sauti ya DTS ambayo runinga nyingi hazijui kuifungua, unapata Batman bubu.

Na usiamini jina la faili. Miaka kadhaa iliyopita nililipia ile ndefu kwenye duka moja hapahapa mjini, imeandikwa "extended" kwa herufi kubwa, nikafunga mlango, nikaweka karanga, na baada ya dakika 20 nikajua nimeibiwa. Vipimo ni viwili. Kwanza tazama muda: ikisoma saa mbili na dakika 31 ni ile ya sinema, ikisoma saa tatu na dakika mbili ni yenyewe. Wajanja wanaweza kuchezea jina, muda ni vigumu. Pili, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya jangwani. Wakizichoma maiti, lipa. Wasipozichoma, rudisha.

Nilimtumia shemeji flashi kwa mtu anayepanda meli ya Nansio, safari ya saa tatu na kitu. Ndani niliweka zote tatu.

Alinipigia Ijumaa. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri kama nilivyomwambia. Alhamisi akaweka ile ndefu, kibanda kikajaa mpaka mlangoni, akapandisha kiingilio kwa shilingi 200 na hakuna aliyelalamika. Walipoona maiti zinachomwa walipiga kelele, "Kumbe!" Alisema ilikuwa raha kuliko goli. Ikaenda, ikaenda, baada ya saa mbili na nusu hivi, Superman ameshika mkuki anamwendea Doomsday, lile dubwana la mwisho, betri ya sola ikazima. Giza. Jenereta la jirani halina mafuta. Wale walioiona juzi ile iliyotafsiriwa wakasema wao wanatoka, wanajua mwisho. Wale wapya wakagoma kutoka mpaka waambiwe. Basi shemeji akasimama mbele ya pazia jeupe na tochi ya simu, akawasimulia mwenyewe: kwamba anamchoma yule dubwana, na dubwana linamchoma yeye, na Superman anakufa.

"Wakasemaje?"

"Wamekataa, shem. Wanasema stelingi hafi. Wanataka hela zao."

"Uliwaambia ya udongo unaoanza kuinuka juu ya jeneza lake?"

"Udongo gani?"